Mwalimu Kenneth Kenga Tsofa, Aliyenikataza Jiko

Huyu tunayemzika leo ni ndugu yangu, Kenneth Kenga Tsofa, mwalimu wa kemistri, mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Leo ni Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, na tuko hapa kwetu Rabai. Alikufa Jumamosi iliyopita, tarehe 8, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na miaka sitini na mitatu. Saa nane alikuwa mzima, amekula wali na samaki na kulalamika kwamba nimezidisha chumvi. Mimi ni Kadzo, dada yake mkubwa, na mpaka nasema haya mwili wangu haujakubali.

Karatasi za kwanza zilichapishwa Bondeni siku ya Jumatano. Ziliandikwa kwamba marehemu "aliitikia wito baada ya kuugua kwa muda mfupi." Zilikuwa mia mbili, na sasa zafungia ndimu sokoni Marikiti. Kenga hakuugua kwa muda mfupi. Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la pili, kwa hivyo hii mliyo nayo mkononi nimeisema kwa kinywa, na daktari Nasiha, aliyekuwa mwanafunzi wake, ndiye aliyeiandika na ndiye awasomeaye. Nimemkataza kuipamba, na nikiona jambo hapa namnong'oneza aliongeze.

Nayasema kwa sababu ya mtoto. Mbodze, binti wa marehemu, ana mtoto wa kike wa siku kumi na sita. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mamake babake. Bibi yake huyo, Bi Dama, yuko hai na yuko hapa, na amekataa kulitoa jina lake. Amesema mtoto ni mchimvi, amezaliwa na nuksi, amekuja duniani kumla babu yake. Basi mtoto hana jina, na wengine wenu mnaogopa hata kumpakata, nimewaona. Nawaeleza maisha ya Kenga tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tuone ni nani aliyemla.

Marehemu alizaliwa hapa Rabai tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tano na wa mwisho wa mzee Tsofa. Wale watatu wa katikati walikufa wadogo, tukabaki yeye na mimi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama alimzaa kwenye nyumba ya udongo na makuti, na mkunga akawasha moto kando ya kitanda, kama alivyowashiwa mama kwangu mimi na bibi kwa mama. Mzazi hukandwa kwa maji moto na huoteshwa moto siku arobaini, damu itoke, tumbo lirudi, upepo usimwingie. Moshi ulikuwa ukipanda ukipita kwenye makuti kama maji kwenye kifumbu cha kuchujia tui. Hakuna aliyekohoa. Nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito, na shule yangu ikaishia hapo, kwani mama alikuwa yuwaumwa na lazima mtu ambebe. Simlaumu. Alikuwa mtoto.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1969. Alikuwa mdadisi wa kuchosha watu. Alipokuwa darasa la tatu aliichukua chumvi yote ya nyumbani, akaitia kwenye maji kijiko kimoja kimoja, apate kuona maji yatakataa lini. Mama alimchapa. Hakulia. Aliyamimina yale maji kwenye sinia la bati, akaliweka juani siku mbili akilifukuzia kuku, kisha akamletea mama chumvi yake imekauka, nyeupe, imejaa kiganja. Akamwambia haikupotea, ilikuwa imeachana mikono tu. Mama akamtazama, akanitazama na mimi, akasema huyu si wa kulima.

Mwaka 1976 alikuja Mombasa kusoma sekondari, akakaa nami Majengo. Mimi nilikuwa nikiuza mbatata na ndimu Marikiti, na bado nauza. Alimaliza kidato cha sita 1981, akenda chuo cha ualimu, akatoka 1984. Januari 1985 alianza kufundisha kwenye shule moja ya upili huko Tudor, na hapo hapo alistaafu mwaka 2022. Miaka thelathini na saba, kemistri, shule moja, chaki moja. Walimpa ukuu wa shule akaukataa, akasema mkuu wa shule hafundishi, hutia sahihi.

Vyombo vya kufundishia havikuwako. Kwa hivyo kila Jumatatu alfajiri alipita kwenye meza yangu akachagua mbatata ndogo ndogo na ndimu, na akachukua njiti za kuchokolea meno kwa muuza nyama. Mbatata hizo ni atomu, alisema, na ndimu ni atomu, na kila kitu duniani, hata wewe dada, ni atomu zimeshikana. Nilimwambia mimi nimeshikwa na mgongo.

Alinieleza miaka na miaka, akila chakula changu, na mimi nikimkejeli, na hakuchoka. Alisema atomu haikai peke yake ikatulia. Ina vichembe vidogo vyaitwa elektroni, na yataka idadi yake itimie. Ikiwa na kimoja cha ziada, chaisumbua. Ikipungukiwa na kimoja, yahangaika. Basi moja yatoa, nyingine yapokea, na baada ya hapo haziachani. Hiyo ndiyo chumvi. Nyingine hazitoi wala hazipokei, bali zala sinia moja. Kila mmoja aweka chake katikati na wote wahesabu kwamba wameshiba. Hayo ndiyo maji, ndiyo sukari, ndiyo mafuta ya nazi. Mwenye mkono mmoja ashika mmoja, mwenye miwili ashika wawili. Kaboni, ambayo ndiyo makaa, ina mikono minne, kwa hivyo haikosi kwa kwenda. Nilimwambia atomu zako zimeoa zote na wewe bado. Hapo alikuwa na miaka ishirini na saba na nilikuwa nimeanza kuona haya kwa watu.

Nilimuuliza mbona amezichoma njiti vile, mbatata moja imekaa wima na nyingine imepinda. Alisema si yeye, ndivyo zilivyo. Vile vichembe havipendani. Ni kama wake wenza walioolewa nyumba moja, kila mmoja atafuta pembe iliyo mbali na mwenziwe. Wakiwa wawili, mmoja aenda huku na mwingine kule, umbo lanyooka kama kamba ya kuanikia. Wakiwa wanne, wakaa kama pembe nne za ile pakiti ya maziwa ya shule ya zamani. Na maji, alisema, maji yamechutama, magoti mawili nje. Nilicheka mpaka wateja wakaniacha. Lakini nakwambieni sijasahau. Kwenda shule sikwenda, ila ukiniamsha sasa hivi nitakuchorea maji yamechutama. Huyo ndiye mwalimu mliyekuwa naye.

Alioa tarehe 14 Disemba 1991. Alimuoa Zilpah, Mtaita, fundi wa kushona hapo Bondeni. Zilpah alikuwa na ulimi kama wangu na kwa hivyo miaka miwili hatukusemezana. Mwaka 1993 walihamia Mji wa Kale, ghorofa ya pili, nyumba ya Bi Malak, na hawakutoka tena. Bi Malak alisema hataki Mkristo wala mwalimu; mwezi wa pili akawa ndiye awaletea mkate wa mofa kila asubuhi. Mimba mbili ziliharibika. Mbodze alizaliwa 1996, na babake akawa yuwambeba akipanda ngazi na kushuka, kama gunia la pamba, na watu wa mtaa wakasema huyu mwanamume ana kichaa. Zilpah alikufa mwaka 2017. Nilikuwa nimeshampenda, na hilo sikumwambia.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua 2021. Alipewa vidonge, akakatazwa kubeba vitu vizito na kupanda ngazi mbio. Aliyefuata masharti ya daktari kama Kenga sijamuona. Alipanda zile ngazi akihesabu, kumi kisha apumzika. Miaka minne hakuanguka hata siku moja. Kwa hivyo mtu akikwambia moyo ndio uliomuua, amekwambia nusu.

Mwaka jana Bi Malak aliifanyia nyumba ukarabati. Yale madirisha ya mbao ya zamani, ambayo mbao zake hazikukutana tangu Waarabu wa kwanza, yaliondolewa, yakawekwa ya vioo ya kusukuma. Dari ikazibwa. Vumbi likaisha, kelele za pikipiki zikaisha, na sote tulimshukuru na leo namshukuru. Hana kosa. Nyumba ile miaka mia ilikuwa yapumua na hatukujua kwamba yapumua mpaka ilipoacha.

Sasa nafika tulipokuwa tukienda.

Mwenye uzazi wa kwanza huja kujifungulia kwao. Mbodze alikuja kwa babake Oktoba, mumewe Mung'aro akabaki Changamwe kwenye kazi yake ya umeme, akija jioni. Alijifungua Alhamisi tarehe 30. Mama hana, kwa hivyo nilifunga meza yangu Marikiti nikaja mimi. Nilimkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamfunga tumbo. Siku tisa za kwanza palikuwa na jua na niliacha dirisha wazi mchana. Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, ngazi zikawa na upepo wa baridi, na mimi nikasema leo huyu atapata homa ya uzazi.

Baada ya chakula nilipanda juu, nikapita ghorofa ya tatu ya wapangaji wenye watoto, mpaka kwenye paa la zege, chini ya mabati, nikawasha jiko la makaa. Sikuleta jiko la moshi ndani. Hakuna mwanamke wa pwani afanyaye ujinga huo. Nilingoja mpaka moshi ukaisha wote, makaa yakawa mekundu na jivu jeupe juu, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaliteremsha chumbani. Nikasukuma kioo mpaka mwisho. Nikachukua leso mbili za kuzibia chini ya mlango.

Mbodze alisema, "Shangazi, nina joto." Hakuomba moto. Wote mnaomuuliza alitaka moto wa nini, mniulize mimi. Nilimwambia mzazi hana joto, alale.

Nilipotoka na kuzisokomeza leso chini ya mlango kwa nje, Kenga alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ameziona.

"Dada," alisema, "fungua dirisha. Hayo makaa yaua."

"Hayana moshi."

"Nayajua hayana moshi. Hewa ikiwa haba kaboni yapata oksijeni moja badala ya mbili, na hiyo ya moja haina harufu, haina rangi. Nifungulie nusu tu."

"Wewe umezaa lini, Kenga?"

Nilimwambia mambo ya waliojifungua si ya wanaume, tena si ya ubao, akakae barazani. Nimemlea, nimembeba, hajawahi kunijibu miaka sitini na mitatu, na hakunijibu. Nimekaa wiki nzima nikitamani kwamba siku hiyo angenitukana. Angenisukuma. Angeniita mwanamke mjinga mbele ya Bi Malak na mtaa mzima, leo ningekuwa nimemkasirikia na yeye yuko hai ala samaki wangu. Alikuwa na adabu. Nilimfunza mwenyewe.

Nilishuka kwa Bi Malak kutwanga pilipili manga. Nilipogeuka kwenye ngazi nilimuona hakwenda barazani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kwanza, nje ya mlango, na kitabu. Nikasema moyoni, huyu yuwanichunga.

Haya mengine nimeyapata kwa Mbodze na kwa Abdulkadir, mtoto mkubwa wa Bi Malak, na wote wawili wako hapa. Kenga alikuwa akimwita bintiye kila baada ya kurasa mbili tatu. Mbodze, uko vipi. Aliitika mara ya kwanza. Mara ya pili aliitika kwamba kichwa kinamgonga. Mara ya tatu alimsikia babake vizuri, akataka kuitika, na ulimi ukawa mzito kama si wake. Hapo ndipo babake alipousukuma mlango, na leso zangu zikaukamata, na akausukuma tena kwa bega.

Abdulkadir alisikia kishindo akapanda. Alimkuta Mwalimu yuwatoka na mtoto kifuani, amemfunika na shati lake. Akampa. Akarudi ndani, akatoka anamburura Mbodze kwa makwapa, mtu aliyekatazwa kubeba ndoo ya maji. Akamlaza ngazini. Kisha akageuka tena. Abdulkadir alimshika mkono, akamwambia Mwalimu basi, wametoka wote.

"Jiko bado limo," alisema, "na juu kuna watoto wa watu."

Hilo ndilo neno lake la mwisho duniani. Si wosia, si dua. Alikuta kioo kigumu, kipya, akakisukuma. Alipoingia Abdulkadir, amejifunga kilemba puani, dirisha lilikuwa limefunguka upana wa kiganja na Kenga amelala chini yake, na jiko liko hapo mguuni pake laendelea kuwaka vizuri, jekundu, bila moshi.

Mimi nilipofika juu walikuwa wameshamtoa. Nawaambia nilichokiona, kwa sababu mpaka leo nikifumba macho ndicho nikionacho. Mdomo wake ulikuwa wa waridi. Kucha zake za waridi. Ndugu yangu mweusi, mwenye ugonjwa wa moyo, ambaye miaka minne kucha zake zilikuwa za kijivu, alikuwa na rangi ya kijana. Nilimwambia inuka Kenga, unachezea watu. Nilimpiga shavu. Nilicheka. Bi Malak alinishika akaniketisha, na mimi nikawa namwambia hebu mtazame, hajawahi kuwa mzima namna hii.

Hospitalini Mbodze na mtoto walitiwa oksijeni, na jioni walikuwa wakijitambua. Yeye hakurudi. Daktari aliyewapokea ni huyu Nasiha anayewasomea, na alipofunua shuka akaona ni nani, nilimuona akishika ukingo wa kitanda.

Siku ya Jumanne, tukiwa kwenye matanga hapo Mji wa Kale, nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu na wanawake, nikaingia stoo kuongeza vingine. Bi Dama hakujua kwamba mimi ndimi niliye nyuma ya mlango wa stoo. Alisema mtoto alikuwa na siku tisa tu duniani akaua, je, akifika mwaka. Alisema jina lake halitoi likabebwa na mchimvi. Wanawake watatu waliitika. Nilitoka na kisu na kitunguu, wakainamia vitunguu vyao, na mimi nikaketi nikaendelea kumenya. Si kwa haya. Nilijua ni mimi, lakini sikujua ni vipi. Nilikuwa nimeotesha moto wazazi kumi na wanane kwa mikono yangu, naweza kuwataja kwa majina, na hakufa hata panya.

Nasiha alipokuja kutoa mkono wa pole nilimketisha mbele ya kikapu changu cha mbatata na ndimu. Nikamwambia, "Mwalimu wako alitaka kunieleza jambo nikamkatiza. Lieleze wewe."

Alidhani nimechanganyikiwa. Kisha alichukua mbatata, akaitoboa, akaichomeka ndimu mbili, moja huku na moja kule, zimenyooka sawasawa. Akasema, "Bi Kadzo, makaa yakiwaka penye hewa tele, kaboni yapata oksijeni mbili. Hii imeshiba. Hii ndiyo tuitoayo puani."

Niliijua. Ile ya kamba ya kuanikia.

Akaing'oa ndimu moja. Akaiweka ile mbatata na ndimu yake moja kwenye kiganja changu. Akanieleza kwamba chumba kikizibwa hewa yapungua, na kaboni haipati mbili, yapata hii moja tu. Moshi ni jambo jingine, moshi ni makaa ambayo hayajawaka vizuri, na sisi tumejifunza kuuogopa moshi kwa sababu watukohoza. Hii haikohozi mtu. Huingia kama pumzi. Na kwenye damu mna chuma, na kazi ya chuma hicho ni kuishika oksijeni na kuipeleka mwilini kisha kuiachia. Hii ya moja ikifika hukishika chuma hicho hicho, kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili, na haiachii. Oksijeni yaja yakuta pamekaliwa. Damu yazunguka, moyo wapiga, na hakuna pumzi iliyobebwa. Moyo mgonjwa ndio uanzao kuanguka. Na damu ya namna hiyo, akasema, huwa nyekundu kuliko ya mtu mzima. Ndiyo ile rangi niliyoiona.

Nilimuuliza, na mama, na bibi, na wale wazazi wangu kumi na wanane? Akaniuliza nyumba zao zilikuwa za nini. Nikasema makuti. Nikasema madirisha ya mbao. Sikuhitaji aniambie zaidi.

Nilimuuliza jambo moja tena. Ningefungua nusu, kama alivyoniomba, ingetosha? Nasiha ni mtoto wa watu, ana adabu, alitazama chini. Nikamwambia mwalimu wako angenijibu. Akasema dirisha wazi kidogo lisingetosha mtu kulitegemea, jiko halifai ndani hata kidogo, lakini Mwalimu alikuwa ataka kuanzia pale ambapo mimi ningekubali.

Mzee wa kanisa alikuja Jumatano na karatasi zake mia mbili. Akaniambia dada Kadzo, ni kazi ya Mungu, tusiulize. Nikamwambia Mungu hakuwasha jiko. Akasema kuyasema haya mbele za watu ni kumtia marehemu aibu, mwalimu wa kemistri kufa kwa makaa. Sikiliza, mzee, na uko hapo umekaa: Kenga hakufa kwa kutojua. Alijua akiwa nje ya mlango, alijua alipoingia mara ya kwanza, na alijua zaidi alipoingia mara ya tatu. Hakuna mtu kisiwani aliyejua kama yeye kilichokuwamo chumbani mle. Aibu si yake.

Ni yangu, na siombi mnisamehe. Wengine mtakuja baada ya hapa mnishike mkono mniambie ulifanya kwa mapenzi, ulifanya ulivyofunzwa. Msije. Niliambiwa na mtu aliyesoma miaka kumi na sita na kufundisha thelathini na saba, nikamuuliza amezaa lini. Nitakaa na hilo. Mung'aro amenisamehe na nimemwambia amekosea.

Lakini mnijibu. Mtoto alikuwa amelala. Hakuwasha makaa. Hakuziba mlango. Hakumkatiza mtu mzima akisema. Alipotolewa chumbani alikuwa na sumu ile ile kwenye damu yake, na kama babake mama yake angechelewa kurasa mbili, mngekuwa mwazika majeneza matatu. Bi Dama, umekaa safu ya mbele, umevaa leso mpya, na sina ugomvi nawe wa zamani. Ulikuwa huna habari, sasa unazo. Ukitafuta mchimvi wa nyumba ile, ana miaka sabini na miwili na amesimama hapa kando ya jeneza.

Na nyinyi wenye wazazi majumbani, najua mko, nawajua mmoja mmoja: leo mkirudi, jiko litoke. Mzazi akandwe kwa maji moto, avishwe, afunikwe, anywe uji. Jiko litoke, liwe na moshi au lisiwe na moshi. Nikisikia limerudi nitapanda ngazi zenu, na mwajua mdomo wangu.

Marehemu Kenneth Kenga Tsofa alitanguliwa na wazazi wake, ndugu zake watatu, na mkewe Zilpah. Ameacha binti mmoja, Mbodze, ambaye amekaa pale kwenye upepo na hana homa yoyote. Ameacha mkwe, Mung'aro. Ameacha dada, mimi. Ameacha jirani yake Bi Malak, ambaye asubuhi hii ametoa mkate wa mofa kwa mazoea na akasimama nao ngazini. Ameacha wanafunzi wa miaka thelathini na saba ambao hatukuweza kuwaandika. Ameacha mjukuu mmoja.

Mkitazama karatasi, hapo baada ya neno mjukuu pana mstari mtupu. Mchapishaji hakukosea. Nasiha ana kalamu, na Mbodze amemleta mtoto mpaka hapa mbele. Bi Dama, jina ni lako, hakuna mwingine awezaye kulitoa. Simama umpakate mbele za watu na ulitamke.

Udongo utangoja, na Kenga si mtu wa haraka. Hatutamshusha mpaka mjukuu wake aitwe. Likishasemwa, Nasiha aandike, wanaume washike kamba, na ndugu yangu alale.